Bima Tunayo, Daktari wa Mifupa Yuko Wapi?

Hakuna swali linalozunguka katika mitaa ya Eastlands siku hizi kama hili: Ni daktari gani wa mifupa anayekubali bima ya serikali? Laulizwa Kayole, laulizwa Umoja, laulizwa Jericho na Dandora. Laulizwa nje ya kanisa baada ya ibada, katika vikundi vya akina mama, katika steji za bodaboda na kwenye makundi ya WhatsApp ya wapangaji. Majibu nayo huwa mengi kama wanaoyatoa. Mmoja atakutuma Kenyatta. Mwingine atakutajia kliniki ya Upper Hill ambako shemeji yake alitibiwa. Wa tatu atakwambia uachane na madaktari kwani yupo mzee fulani anayeunga mifupa kwa kukanda.

Kwa maoni yangu, swali hili limekosa jibu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba limeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Bima ya serikali haifungi mkataba na daktari mmoja mmoja. Hufunga mkataba na hospitali. Sababu ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba mkaazi wa Eastlands haambiwi na yeyote ni hospitali ipi kati ya hizo iliyo na mpasuaji wa mifupa, mpasuaji huyo huja siku gani, na bima italipa nini na kuacha nini. Kulipa bima amelazimishwa na sheria. Kutafuta mahali pa kuitumia ameachiwa yeye mwenyewe na uvumi wa majirani.

Mguu ni mtaji

Huenda msomaji akauliza kwa nini nimechagua mifupa wakati magonjwa ni mengi. Jibu ni kwamba Eastlands ni makao ya watu wanaokula kwa nguvu za mikono na miguu yao. Hapa ndipo wanapoishi wajenzi wanaopanda vyuma vya maghorofa ya Pipeline na Tassia, mafundi wa Kariobangi Light Industries, wachuuzi wa Gikomba, wabeba mizigo wa Wakulima na vibarua wa viwanda vya Industrial Area. Mtu anayefanya kazi ofisini akivunjika mguu, mshahara waweza kuendelea kuingia akiwa amelala. Mama mboga wa Kayole akivunjika mkono, kibanda hufungwa siku hiyo hiyo.

Kisha kuna pikipiki. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa ushuru kwa pikipiki ndogo zinazoingizwa nchini, na tangu wakati huo bodaboda imekuwa ajira ya vijana wengi na usafiri wa kila mtu. Haikosi faida zake, lakini wodi za mifupa zimejaa kwa sababu yake. Mwaka wa 2024 watu zaidi ya 4,700 waliuawa katika barabara za Kenya. Hao ni waliokufa tu. Waliobaki na paja lililovunjika, goti lililosagika au kiwiko kisichokunjika hawatajwi sana katika hotuba, ilhali wao ndio wanaolisha swali tulilotaja hapo mwanzo. Anayesafiri kila siku kwenye Outer Ring Road au Jogoo Road hahitaji kuelezwa zaidi.

Mfupa ukishikana vibaya, mtu hubaki na kilema cha maisha kwa jambo ambalo lingetengenezwa kwa saa mbili za upasuaji. Hiyo ndiyo hasara tunayoizungumzia, na si usumbufu wa foleni peke yake.

Bima hii ilitoka wapi

Yafaa tukumbushane kidogo. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, iliyojulikana na wote kama NHIF, ilianzishwa mwaka wa 1966 kwa ajili ya wafanyakazi waliokuwa wakipata mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi. Wengine waliruhusiwa kujiunga baadaye. Ilidumu kwa zaidi ya nusu karne, ikapendwa, ikalaumiwa, ikakumbwa na kashfa. Sheria mpya ya bima ya afya ya jamii ilitiwa sahihi na Rais William Ruto Oktoba 2023, na kuanzia Oktoba 1, 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi wetu twaiita SHA, ikachukua mahali pa NHIF.

Mfanyakazi aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Anayepata shilingi 40,000 hukatwa shilingi 1,100 kila mwezi. Asiye na ajira ya mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Hapo ndipo penye mtego kwa watu wa Eastlands: fundi wa jua kali au mchuuzi hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa anayetozwa kiwango cha chini hiyo ni shilingi 3,600. Wengi hujiandikisha lakini hawalipi, kisha hugundua wakiwa tayari wamelala kitandani kwamba jina liko na bima haiko. Ajali haina kinga, na mchango usiolipwa pia hauna.

Mpango wenyewe una mifuko mitatu. Wa kwanza hulipia huduma katika zahanati na vituo vya afya, na huko mwananchi aliyejiandikisha hahitaji kuwa amelipa mchango. Wa pili, SHIF, ndio unaotokana na michango yetu na ndio unaohusika mtu anapolazwa au kupasuliwa katika hospitali kubwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mazito. Mvunjiko wa paja unaohitaji chuma huangukia mfuko wa pili. Kwa hivyo mwenye kusema "SHA ni bure" na mwenye kusema "SHA hailipi kitu" huenda kila mmoja anazungumza juu ya mfuko wake.

Tena kuna jambo linalowapotosha wengi. Watumishi wa umma wana mpango wao mpana zaidi unaosimamiwa na mamlaka hiyo hiyo. Askari au karani wa serikali anayeishi Buruburu atakwambia kwa moyo safi kwamba alipasuliwa goti katika hospitali fulani ya kibinafsi asilipe hata senti. Wewe muuza mitumba ukienda huko na kitambulisho chako utaambiwa habari nyingine. Jirani hakudanganya. Bima zenu hazifanani.

Hospitali imekubali, daktari je?

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Katika hospitali nyingi za kibinafsi mjini Nairobi, mpasuaji wa mifupa si mwajiriwa wa hospitali. Ni daktari anayejitegemea ambaye hupewa nafasi ya kutumia chumba cha upasuaji. Hospitali huandika bili yake ya kitanda, dawa na chumba hicho. Daktari huandika yake. Na daktari wa dawa ya usingizi naye huandika yake. Hospitali ikisema kwamba inapokea SHA, inasema kweli juu ya mkataba wake. Lakini malipo ya bima kwa upasuaji huwa ni kiasi kimoja kilichopangwa na serikali, na daktari akiona fungu linalomfikia ni dogo, mgonjwa hutakiwa kuongeza kutoka mfukoni. Nyongeza hiyo huitwa majina mengi ya heshima, na mara nyingi hutajwa wakati mgonjwa amekwisha vuliwa nguo.

Si kwamba madaktari hao ni watu wabaya. Amesoma miaka mingi, analipa kodi ya kliniki, na anajua kwamba pesa za bima zaweza kuchelewa kwa miezi. Kosa ni kwamba mgonjwa haelezwi mapema. Mtu akiambiwa siku ya kwanza kwamba atahitaji kuongeza shilingi elfu kadhaa, ataamua: atakopa, ataita mchango, au atakwenda kwingine. Akiambiwa usiku wa kuamkia upasuaji, uamuzi umekwisha kufanywa kwa niaba yake.

Kuna na suala la umbali. Kliniki nyingi za wapasuaji wa mifupa ziko Upper Hill, Hurlingham na Parklands, yaani upande mwingine wa mji. Mgonjwa wa Komarock mwenye mguu uliofungwa plasta hawezi kuning'inia kwenye matatu mbili. Atakodi gari kwenda, atakodi kurudi, na nauli hiyo hailipwi na bima yoyote. Mitaa kama Kaloleni, Makongeni na Bahati ilijengwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na kila kilichokuwa kizuri kikawekwa ng'ambo ya pili. Ukoloni ulikwisha mwaka wa 1963, lakini ukitafuta daktari bingwa bado wavuka mji.

Hospitali za umma na za misheni

Kwa mkaazi wa Eastlands asiye na fedha za kuongezea, njia iliyo wazi zaidi ni hospitali ya umma, ambako daktari huwa mwajiriwa na hana bili yake ya pembeni. Iliyo karibu ni Mama Lucy Kibaki, kando ya Kangundo Road. Iliyo kubwa kuliko zote ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Tangu mwaka wa 2019 kuna pia hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambayo kwa watu wa Kasarani, Mwiki na Njiru yaweza kuwa rahisi kufikia kuliko Kenyatta yenyewe. Kwa aliyeumia uti wa mgongo ipo hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo, upande wa Hurlingham.

Upande wa misheni, hospitali ya PCEA ya Kikuyu ina kituo cha mifupa kilichofunguliwa mwaka wa 1998. Huko Kijabe, hospitali ya CURE ilianza kazi mwaka huo huo wa 1998 ikishughulikia watoto wenye ulemavu wa viungo, kama vile nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa na miguu iliyopinda kama upinde. Ni mbali na Eastlands, lakini wazazi wengi wamefunga safari hiyo. Kabla ya kufunga yako, piga simu uulize jinsi bima inavyotumika huko wakati huu.

Katika hospitali za umma taabu ni nyingine. Foleni ni ndefu, vyumba vya upasuaji ni vichache, na mgonjwa aliyepangiwa Jumanne huweza kusukumwa na majeruhi wa ajali ya usiku. Kisha kuna vyuma. Misumari na vibamba vinavyotumiwa kuunga mifupa vimekuwa, kwa miaka mingi, vitu ambavyo jamaa za mgonjwa huambiwa wakanunue. Familia huja na bima ikidhani safari imekwisha, kisha hupewa kikaratasi chenye jina la chuma na namba ya simu ya mwuzaji. Mgonjwa hubaki kitandani siku baada ya siku, akizidi kula gharama ya kulazwa, huku harambee ikiitishwa kwa ajili ya msumari mmoja.

Jambo hili si la lazima. Shirika la SIGN la jimbo la Washington, Marekani, lililoanzishwa mwaka wa 1999, hutoa misumari ya kuunga mifupa mirefu kwa hospitali za nchi zenye uwezo mdogo, na Kenya imo. Misumari hiyo ilibuniwa iweze kuingizwa bila ya mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Kwa hivyo mwenye jamaa aliyevunjika paja au muundi asione haya kumwuliza daktari kama hospitali hiyo ina vyuma vya msaada, na kumwona afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukimbilia kuuza friji.

Mfupa haungoji

Ngojangoja huumiza matumbo, nayo mifupa pia. Lakini si kila mfupa una haraka sawa, na kujua tofauti hiyo kwaweza kukuokoa pesa na kiungo.

Ya dharura ni haya: mfupa uliotoboa ngozi au wenye kidonda juu yake, mkono au mguu ulioumia ambao vidole vyake vimekuwa baridi, vimefifia rangi au vimekufa ganzi, maumivu yanayozidi kila saa ndani ya plasta mpya, kiungo kilichochomoka, na mtu aliyeanguka au kugongwa ambaye hawezi kusogeza miguu. Hapo usitafute daktari wa bima. Nenda kwenye chumba cha dharura kilicho karibu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imeweka adhabu kwa hospitali inayokataa. Sheria hizo si mapambo. Mwaka wa 2015 kijana aliyegongwa na gari mjini Nairobi alikaa ndani ya ambulansi kwa takriban saa 18 akitafutiwa kitanda, na hatimaye akafa. Taifa zima lilihuzunika. Tusingojee mwingine ndipo tuikumbuke Katiba.

Yanayoweza kungoja siku chache, lakini si majuma mengi, ni mivunjiko iliyofungwa ambayo mifupa yake imeachana, hasa karibu na kiungo. Baada ya majuma mawili au matatu mfupa huanza kushikana vile ulivyo, na kuurekebisha huwa ni kuuvunja upya. Kwa watoto hali hii huja mapema zaidi kwa sababu mifupa yao hushikana upesi. Kwa mzee aliyeanguka bafuni na kuvunjika nyonga, kila siku ya kulala huleta hatari ya nimonia, vidonda vya mgongoni na damu kuganda, kwa hivyo apasuliwe mapema iwezekanavyo.

Yanayoweza kungoja kabisa ni maumivu ya goti la utu uzima, mgongo unaouma bila ganzi wala udhaifu wa miguu, na kuondolewa kwa vyuma vya zamani visivyosumbua. Mengi ya haya hayahitaji mpasuaji. Maafisa wa kliniki waliosomea mifupa katika vyuo vya KMTC hufunga plasta na kurudisha viungo vilivyochomoka kila siku, na wengi wao ni mahodari. Si kila anayeumwa goti lazima amwone bingwa wa Upper Hill.

Na hao wazee wa kukanda? Mila tunaiheshimu, lakini mfupa uliovunjika hauonekani kwa vidole. Kukandwa juu ya mvunjiko mbichi huongeza uvimbe, na kufungwa kwa kukazwa mno kumewahi kuua misuli na hata kusababisha kukatwa kwa kiungo. Piga picha kwanza.

Maswali ya kuuliza

Kuuliza si ujinga. Kabla hujamlaza mgonjwa wako, uliza haya, na ikiwezekana majibu yaandikwe:

Kwanza, mkataba wa hospitali hii na SHA unafanya kazi leo, na je, wahusisha upasuaji wa mifupa? Pili, daktari atakayepasua ni mwajiriwa wenu au atakuwa na bili yake? Tatu, bima italipa kiasi gani kwa upasuaji huu, na mimi nitaongeza ngapi? Nne, vyuma vimo ndani ya malipo hayo au nitanunua? Tano, ni nani atakayeomba idhini ya bima kabla ya upasuaji, na jibu hutoka lini? Sita, baada ya kutoka, kliniki, eksirei na mazoezi ya viungo nitalipia mwenyewe?

Swali la tano lisipuuzwe. Upasuaji uliopangwa huhitaji kibali cha bima kabla haujafanywa, na mgonjwa hutambuliwa kwa alama za vidole. Akina baba wengi wamejiandikisha wenyewe wakasahau kuwaandikisha mke na watoto. Bonyeza *147# leo uone ni nani aliyemo na kama mchango umelipwa.

Usianze safari katikati. Anzia katika kituo cha afya cha mtaa wako, kama vile cha Umoja, Jericho, Makadara au Dandora, ukapate barua ya rufaa. Hospitali kubwa humpokea vizuri zaidi aliyekuja na barua. Ukielekezwa kwa daktari usiyemjua, Baraza la Madaktari la Kenya, KMPDC, lina orodha ya madaktari wenye leseni katika mtandao wake, na leseni hiyo hutolewa kila mwaka. Bango lililoandikwa "mtaalamu wa mifupa" kando ya barabara si leseni.

Tusiwasahau wanaodai

Itakuwa si haki kuwalaumu wenye hospitali bila ya kusikia kilio chao. NHIF ilipofungwa iliacha madeni ya mabilioni ya shilingi. Februari 2025 hospitali za kibinafsi zilizo chini ya chama chao cha RUPHA zilisimamisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni hayo na ya mamlaka mpya. Mwezi uliofuata Rais aliahidi kwamba waliokuwa wakiidai NHIF shilingi milioni 10 au chini ya hapo wangelipwa zote, na madai makubwa zaidi yangekaguliwa kwanza. Ukaguzi ulikuwa muhimu, kwani zimepatikana hospitali zilizodai malipo ya wagonjwa wasiokuwepo. Lakini hospitali halali yenye vitanda 30 huko Embakasi haiwezi kununua nyuzi za kushonea kwa ahadi. Bima inayochelewa kulipa huwafukuza madaktari wazuri na kubakiza wajanja.

Orodha itolewe

Nasema nini basi? Nasema kwamba jambo la kwanza linalohitajika si jengo jipya wala sheria nyingine. Ni orodha. SHA imewahi kutangaza majina ya hospitali zilizo na mkataba nayo, na hilo ni jema. Lakini jina la hospitali peke yake halimsaidii aliyevunjika paja, kwa sababu nyingi kati ya hizo hazina mpasuaji wa mifupa hata siku moja kwa juma. Tunataka orodha inayosema, kwa kila hospitali ya Nairobi: yupo mpasuaji wa mifupa au hayupo, kliniki yake ni siku gani, ni mwajiriwa au ni wa kuitwa, bima hulipa kiasi gani kwa kuunga paja, muundi, nyonga na mkono, na vyuma vimo au havimo.

Habari hizi zote tayari zinajulikana. Hospitali inajua madaktari wake, SHA inajua viwango vyake, na KMPDC inajua nani ana leseni. Kinachokosekana ni mtu wa kuziweka kwenye karatasi moja. Karatasi hiyo ibandikwe kwa Kiswahili katika kila kituo cha afya, kila ofisi ya chifu na kila steji ya bodaboda. Septemba 2023 serikali iliwatuma wahudumu wa afya wa jamii 100,000 kupita nyumba kwa nyumba. Wapewe orodha hiyo mikononi, ili jirani anayeulizwa Kayole awe ni mtu aliye na jibu.

La pili, nyongeza yoyote ambayo mgonjwa atatakiwa kulipa itajwe kwa maandishi kabla hajalazwa. Hospitali itakayoitaja baadaye isiwe na haki ya kuidai. La tatu, mchuuzi na fundi waruhusiwe kulipa bima yao kidogo kidogo bila ya kuingizwa katika mkopo, kama vile aliyeajiriwa anavyokatwa mwezi kwa mwezi.

Madiwani na wabunge wa Eastlands huja mazishini na kwenye harambee za hospitali wakiwa na bahasha. Bahasha hizo twazishukuru. Lakini mbunge atakayeidai orodha hii kutoka kwa SHA, akasimama nayo bungeni mpaka itolewe, atakuwa amewasaidia wapiga kura wake wengi kuliko bahasha zote alizowahi kutoa. Mchango wa bima hukatwa kila mwisho wa mwezi bila ya kukosea jina la mtu hata mmoja. Anayejua jinsi ya kunipata anapotaka pesa yangu hawezi kushindwa kunielekeza ninapovunjika mguu.